Chakula kimejaa Mbeya, mbona mezani kwangu hakionekani? Maswali mnayotuulizaga kila siku

Haya maswali tunakutana nayo gengeni, kwenye foleni ya kliniki, kwenye magrupu ya WhatsApp ya mtaa, hata kwenye bajaji. Sisi ni kikundi kidogo cha Ilomba na mitaa ya jirani hapa jijini Mbeya, wengine tuna magenge, wengine ni wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na wapo vijana kadhaa wanaolima mboga. Sio madaktari, kwahiyo kama unaumwa nenda kituo cha afya usije ukajitibu na ukurasa huu. Maswali mengine tumeyajibu kwa kirefu maana ndo yanayoumiza watu, mengine mstari mmoja umetosha.

Nyanda za Juu Kusini si ndo ghala la taifa? Hayo mambo ya kukosa chakula bora yanatoka wapi?

Ndo hapo sasa. Mahindi ya huku yanaliwa Dar, mchele wa Kyela na wa Mbarali unajulikana kila kona ya nchi, viazi vya Isongole na Njombe ndo chipsi za watu wa pwani. Halafu utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ukaja kuonyesha kwamba Iringa inaongoza nchi nzima kwa watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa, asilimia 56.9, ikifuatiwa na Njombe asilimia 50.4 na Rukwa asilimia 49.8, wakati wastani wa nchi ni asilimia 30. Mikoa mitatu ya juu kwenye ile orodha yote ni ya huku kwetu kwenye mahindi, hamna hata mmoja wa kwenye ukame.

Watu wakisikia hivo wanabishaga, "mbona watoto wetu wanashiba?" Wanashiba kweli. Ila ni uji mweupe asubuhi, ugali mchana, ugali usiku, na mboga kidogo ya kutelezeshea. Yai linauzwa, maziwa yanauzwa, maharage mazuri yanauzwa, parachichi linapakiwa kwenye gari, nyumbani kinabaki kile ambacho hakina mnunuzi. Ongeza na mama anayetoka shambani au sokoni jioni amechoka, mtoto kashinda na dada yake wa miaka minane, anakula mara mbili kwa siku wakati tumbo lake dogo linataka kula mara nyingi. Na akiharisha kila wiki kwasababu ya maji na choo, hata kile alichokula hakikai mwilini. Kwahiyo chakula kuwepo mkoani ni jambo moja, kumfikia mtoto wa Ilemi au Nsoho kwenye sahani ni jambo lingine kabisa, na sisi tunaongelea hilo la pili.

Kwanini mtu mwenye hela kidogo ndo ananunua kwa bei kubwa?

Hili swali liliulizwa na fundi viatu mmoja pale Mafiati na tangu siku hiyo halijatutoka. Angalia, mwenye gari anaenda Uyole au Igurusi anachukua gunia zima. Gunia la mahindi ni kama debe sita, ananunua mara moja ametulia miezi. Asiye na hela ya gunia ananunua debe. Asiye na hela ya debe ananunua kwa sado, lile kopo la kupimia, na sado zinaingia tano kwenye debe, sasa we piga hesabu sado tano zinakutoka shilingi ngapi halafu ulinganishe na bei ya debe lenyewe, utakuta umelipa zaidi. Asiye na hela ya sado ananunua unga wa kupima dukani, nusu kilo, robo, kila siku. Mafuta ya kula hivohivo, yanapimwa kwa kikombe kidogo.

Na hapo bado hatujaongelea sado zilizobonyezwa kitako. Zipo, msijifanye hamzijui.

Dawa tunayoijua sisi ni kununua kwa pamoja. Familia nne au tano za nyumba moja ya kupanga zinachanga mwezi wa 6 mpaka wa 8, mavuno yanapotoka na bei iko chini, zinanunua magunia na kugawana. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, inaanza Novemba inaishia Aprili au Mei, kwahiyo mahindi yanapanda bei kuanzia Januari mpaka Machi, na kipindi hicho ndo ada na sare vinadai. Aliyenunua mapema anapumua. Shida ni uaminifu na sehemu ya kuhifadhi, mkiwa na mtu wa kuandika na wa kupima mbele ya wote inawezekana.

Lumbesa inanihusu nini mimi mlaji wa mjini? Si ni mambo ya wakulima na madalali?

Inakuhusu. Lumbesa ni lile gunia linalojazwa kupita kipimo. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo ndo wanaosimamia. Lumbesa ya viazi unayoiona imevimba kichwa inaweza kufika kilo 130 na zaidi, mkulima wa Isongole kalipwa gunia moja. Utadhani hizo kilo za juu zinakuja kukushukia wewe bei, thubutu, zinaishia njiani. Mkulima akiumia misimu miwili anaacha viazi, analima kitu kingine au anakodisha shamba, na wewe mwakani unalalamika viazi vimepanda. Tunaomba tu vitu vipimwe kwa mizani, kuanzia shambani mpaka gengeni. Sisi wenye magenge nasi tunajumuishwa hapo, fungu la nyanya nne leo, tatu kesho, bei ileile, haieleweki.

Soko gani lina nafuu, na niende saa ngapi?

Inategemea unakaa wapi maana nauli inaweza kumeza nafuu yote. Uyole na Igawilo ziko kwenye njia ya Tukuyu, ndo inapopita ndizi, viazi, maziwa, na usipa wa Kyela, kwahiyo kule vitu vinakuwaga vibichi zaidi. Mwanjelwa kuna kila kitu ila usikubali bei ya kwanza. Asubuhi na mapema ukiwa na wenzio mnanunua kwa jumla, jioni kabla ya kufunga ndo bei ya mboga za majani inashuka kwasababu hazilali. Anayekaa Iwambi au Isyesye aende sokoni mara moja kwa wiki achukue vile vinavyokaa, yaani maharage, karanga, vitunguu, viazi, maboga, halafu majani anunue genge la jirani.

Dona au sembe?

Dona. Sembe imekobolewa, kiini na ganda vimeondoka, na humo ndo kulikuwa na sehemu kubwa ya vitamini B, madini na nyuzinyuzi, umebaki wanga mweupe unaopendeza machoni. Tatizo la dona ni mbili. Moja, haikai muda mrefu, kile kiini kina mafuta yanachacha, kwahiyo saga kidogo kidogo. Mbili, ukisaga mahindi mabovu unakula na uchafu wake wote, hakuna ganda lililotolewa, kwahiyo chambua kwanza.

Watu wanasema dona ni chakula cha jela na cha bweni. Sawa, ila hao wanaosema hivo ndo haohao siku wakiambiwa wana sukari wanakuja kuulizia dona.

Kama nyumbani kwako hawaitaki kabisa, tafuta unga ulioongezwa virutubishi, una alama kwenye mfuko. Mashine nyingi za mtaani haziongezi kitu, usidanganyike na mfuko wenye picha ya mtoto mnene.

Sumukuvu ni kweli au ni maneno ya wauza mifuko ya kuhifadhia mahindi?

Kweli kabisa. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, sio hadithi. Ni sumu inayotolewa na kuvu inayoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa bila kukauka, na ukipika haiondoki. Kidogo kidogo kwa muda mrefu inaharibu ini. Huku kwetu baridi na ukungu vinafanya mahindi yachelewe kukauka, halafu mtu anayaweka chini kwenye sakafu, si unaona.

Kuna njia ya bure ya kupima kama mahindi yamekauka, sio kupima sumu yenyewe. Chukua chupa ya kioo kavu, weka mahindi kidogo na chumvi kavu, tikisa, acha dakika kama kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado yana maji, rudisha juani kwenye turubai. Chumvi ikibaki imeachia chini, hifadhi, juu ya mbao sio kwenye simenti. Yaliyooza au yenye rangi ya ajabu chambua utupe. Karanga iliyosinyaa na chungu, tema.

Mboga zinazomwagiliwa na mito ya mjini ni salama?

Mmh. Hapa tunagombanaga wenyewe kwa wenyewe kwenye kikundi, maana kuna wenzetu wanaishi kwa hizo bustani na watoto wanasoma kwa hela hiyohiyo. Ukweli ni kwamba mto ukishapita katikati ya nyumba unabeba maji ya vyoo, ya sabuni, ya gereji. Vijidudu unaweza kuvipunguza: osha kwa maji safi yanayotiririka jani moja moja, na upike, usile kachumbari ya majani yaliyotoka huko. Ila mafuta ya gereji na maji ya betri hayaondoki kwa kuosha, hapo uliza muuzaji bustani iko sehemu gani ya mto, ya juu kabla ya makazi au ya chini.

Kumfukuza mkulima wa bondeni sio jibu, atahamia bonde lingine, na majani ya bei ya chini yatapotea mtaani. Kisima kifupi kando ya bustani, au kumwagilia chini kwenye shina badala ya juu ya majani, na kuacha kumwagilia siku chache kabla ya kuvuna, inasaidia sana na haina gharama ya kutisha. Na dawa za wadudu vilevile, kila dawa ina siku zake za kusubiri zimeandikwa kwenye kibandiko, mtu anapiga leo anavuna kesho kwasababu kantangaze, yule mdudu anayeharibu nyanya, amemtia hasira. Ukiona nyanya ina unga unga mweupe au wa bluu, osha vizuri au achana nayo.

Nimepanga chumba kimoja, mtaniambia nilime wapi?

Kwenye kiroba. Chukua kile cha salfeti cha unga au mbolea, changanya udongo ndoo mbili kwa samadi iliyoiva ndoo moja, katikati panga kokoto kwenda juu ili maji yashuke mpaka chini, toboa matundu pembeni, panda sukuma au chainizi juu na kwenye matundu. Baridi yetu inazipenda sana hizo mbili, na figiri. Mchicha unataka joto, Juni na Julai utausubiri mpaka uchoke, ule subiri Septemba.

Muombe mwenye nyumba kwanza, wengi wanakubali ukiwapa na wao majani. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa kumwagilia, ya kufulia yenye sabuni kali usiweke. Kuku wa jirani ndo adui mkubwa. Mahindi marefu karibu na nyumba usipande kabla hujauliza ofisi ya mtaa, halmashauri nyingi za mijini haziyataki.

Mi mwanachuo nipo geto Iyunga, hela ya wazazi inaisha tarehe kumi. Nile nini?

Mdogo wangu, chipsi kavu kila siku zinakumaliza mfuko na mwili. Kama mna mtungi wa gesi wa kilo 6 mkae watatu wanne mpike zamu. Loweka maharage usiku mzima, mwaga maji, asubuhi yanaiva kwa muda mfupi na gesi haiishi. Tafuta Njano Uyole, ni aina iliyotolewa na watafiti wetu hapahapa Uyole, ina mchuzi mzuri. Usipa fungu moja, karanga za kusaga, mayai mnunue trei mchange, parachichi wakati wa msimu, ndizi. Magadi kwenye maharage achana nayo, yanaua vitamini, kuloweka kunatosha.

Nyama siwezi kununua. Ina maana watoto wangu hawatakua?

Watakua mama. Nyama sio lazima iwe nyama ya buchani. Usipa wa Ziwa Nyasa au dagaa, unawasaga unga mkavu wanakuwa kama kiungo, kijiko kwenye uji au mboga ya mtoto. Yai moja. Maziwa, yachemshe usinywe mabichi. Maharage na karanga kila siku. Kumbikumbi wakati wa mvua kwa wanaowala, msiwachekee.

Kitu kimoja tunachosisitizaga, madini ya chuma yaliyoko kwenye maharage na majani yanaingia mwilini vizuri ukila pamoja na kitu chenye vitamini C, kama limao, chungwa, pera. Na chai inayazuia. Tunajua tuko kwenye nchi ya chai, Rungwe na Mufindi, ila kunywa saa moja kabla au baada ya kula, hasa mjamzito na mtoto.

Uji wa lishe wenye nafaka kumi na mbili ni mzuri kuliko wa mbili?

Hapana. Ile biashara ya kuchanganya mahindi, ngano, mchele, ulezi, uwele, mtama, soya, karanga na mbegu za maboga kwenye mfuko mmoja imeshamiri kweli. Nafaka zenyewe, kuanzia mahindi mpaka mtama, zinafanana kazi, kuziongeza idadi hakuongezi lishe kwa kiasi unacholipia. Karanga zikishasagwa zinachacha mapema na kuharibu mfuko mzima, na soya isiyochemshwa au kukaangwa vizuri ina vitu vinavyozuia mwili kusaga protini. Chukua dona au ulezi, pika uji mzito kiasi, weka karanga iliyosagwa jana sio mwezi uliopita, maziwa au yai, na pembeni tunda. Hii ni kwa mtoto aliyefika miezi sita, chini ya hapo ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana.

Nyumba yetu ina Mnyakyusa, Mkinga, Msafwa na mpangaji kutoka Kigoma. Kila mtu ana chakula chake. Mnatushauri kipi?

Vyote! Hiyo nyumba ina bahati. Mnyakyusa aje na ndizi na maziwa, Mkinga na viazi na njegere, Msafwa na maharage na majani ya maboga, na wa Kigoma mawese, ambayo yana vitamini A kama hayajachemshwa mpaka yakawa meupe. Ushauri wa lishe unaosambazwa na mabango unasema kula makundi tofauti ya chakula, sasa makabila ya mji huu yakikaa jiko moja makundi yanakamilika yenyewe. Kinachotuudhi ni vijana kuona mnavu na mlenda ni vya bibi kijijini, wakati supamaketi inawauzia majani yaleyale kwenye plastiki kwa bei ya mara tatu.

Kwa jirani Mwislamu kwenye mchango wa chakula cha pamoja, kumbukeni sufuria iwe tofauti na ya kitimoto, sio kitu cha kujadili mara mbili. Na mzee asiye na meno asisahaulike, maharage yapondwe, matunda laini.

Parachichi zote zinaenda Ulaya, tutakula nini?

Zinazoenda zaidi ni za aina ya hass, za Rungwe, Njombe na Mufindi, na mkulima anapata hela nzuri, hatuna ugomvi. Za kienyeji zimebaki, zina mafuta mazuri yaleyale na msimu ukifika zinaoza chini ya mti. Mpe mtoto. Bure kabisa ukiomba vizuri.

Mtoto akiwa shuleni anashinda njaa. Tufanyeje?

Chakula cha shule kinategemea wazazi kuchangia, mahindi na maharage au hela, kwa makubaliano ya kikao. Tatizo wazazi hawaji kwenye kikao, halafu wanalalamika geti la shule. Nendeni. Mkubaliane kiasi, na mkubaliane pia watoto wa kaya zisizo na uwezo wanakulaje bila kusimamishwa mstari wao peke yao, maana tumeona mtoto anaacha shule kwa aibu ya sahani. Shule yenye eneo ipande mboga na miti ya matunda. Na pale getini, zile soda za rangi na mabisi ya sukari, zungumzeni na wauzaji, ni majirani zenu, wanaweza kuuza ndizi na karanga.

Mama lishe wanaweza kuuza chakula bora bila kupandisha bei?

Wanaweza na wengine wanauza. Punguza mafuta, hiyo peke yake ni hela. Chumvi punguza, Shirika la Afya Duniani (WHO) wanasema isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, ni kijiko cha chai kimoja kwa vyakula vyote vya siku nzima. Ongeza majani kwenye sahani na weka kipande cha tunda. Wateja wa stendi wanataka kushiba, kwahiyo maharage yawe mengi, wali usiwe mlima.

Nani wa kumuuliza, na hela ya kuanza bustani au banda la kuku inatoka wapi?

Kila halmashauri ina afisa lishe, ni haki yako kumuona. Afisa kilimo wa kata, huyo mpigie simu, hasira zetu ni kwamba wengi hawajawahi kumtafuta. Kwa mtaji, kuna mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, inapitia vikundi vilivyosajiliwa na haina riba. Anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Usimpe mtu hela ya "kusukuma fomu".

Na mkutano wa mtaa msiuache wa vinywaji na posho. Pale ndo mnasema maji ya bondeni, soko dogo la Isyesye, choo cha soko, taa za genge jioni ili mama anayetoka kazini saa moja usiku anunue mboga bila kuogopa kuibiwa.

Mabaki ya soko mnayachukua?

Majani na maganda ndio, yanaenda kwenye mboji. Leteni kabla ya saa nne asubuhi, bila mifuko ya plastiki ndani. Kwa wafugaji wa nguruwe, makombo ya hotelini lazima yachemshwe kwanza, homa ya nguruwe ikiingia mtaani inafagia mabanda yote.